Bahari Chini ya Mlima Meru: Mizani ya Maji katika Tangi la Kioo

Mtu akaaye Makumira, kando ya barabara iendayo Moshi kutoka Arusha, naye akatamani kuweka sebuleni mwake kipande cha bahari ndani ya tangi la kioo, ana masafa ya kilomita zipatazo 400 baina yake na pwani ya Tanga, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Lakini masafa hayo na mwinuko huo si kizuizi chake kikubwa. Samaki husafirishwa, chumvi ya bahari huuzwa kwa kilo, pampu na taa hupatikana kwa fedha. Kizuizi chake kikubwa ni maji yale yaliyo karibu naye kuliko vyote, yatokayo bombani uani mwake, ambayo kwa jicho ni maangavu na kwa ulimi ni matamu, ilhali yameshuka kutoka Mlima Meru kupitia majivu na miamba ya volkano, na katika kila hatua ya safari yao yameokota kitu.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya afugaye samaki wa bahari ni samaki wenyewe: kuwachagua, kuwalisha, na kuzitazama rangi zao wakati wa jioni. Waliodumu katika kazi hii wanajua kwamba samaki huishi kwa fadhila ya maji, na kwamba mwenye tangi ni mlezi wa maji kabla ya kuwa mlezi wa kiumbe chochote kiogeleacho humo. Baharini mizani hulindwa na ukubwa wa bahari yenyewe, kwa kina chake, kwa mikondo yake, kwa kupwa na kujaa, kwa pepo za kusi na kaskazi zinazoyachanganya maji mwaka hadi mwaka; lakini katika lita 200 zilizofungiwa baina ya vioo vinne hakuna kusi wala kaskazi, na kila lililofanywa na maumbile huko sharti lifanywe hapa kwa mkono, kwa kipimo, na kwa subira. Ninalotaka kulithibitisha ni kwamba mizani hiyo huanzia katika kuijua asili ya maji, kabla ya chumvi na kabla ya dawa yoyote ya dukani. Na kwamba, kwa mkazi wa Meru, elimu hiyo ina manufaa yapitayo mbali mipaka ya tangi.

Nasaba ya maji ya Meru

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolala lakini haijafa. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910, katika zama za Wajerumani. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na maporomoko hayo ya mawe na matope yakaenea nyanda za chini yakiacha vilima vidogo na mabonde, ambamo maji yalituama yakawa Maziwa ya Momella, yaliyomo leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Miamba ya mlima huu ina sodiamu nyingi na floraidi nyingi, na ina kalsiamu ambayo maji hayaipati kwa urahisi. Kwa hiyo chemchemi na mito yake aghalabu huwa na magadi na floraidi kwa wingi, huku ikipungukiwa na kalsiamu, ambayo lau ingekuwako ingeishika floraidi na kuizuia chini.

Kiasi chake si cha kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 1.5 za floraidi kwa lita kuwa mpaka wa maji ya kunywa, na maji ya bahari yana miligramu 1.3 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta katika mito na chemchemi za miteremko ya Meru makumi ya miligramu kwa lita, na katika madimbwi na maziwa ya magadi ya eneo hilo kiasi kilichofika miligramu 690. Si vyanzo vyote vilivyo hivyo, maana chemchemi moja huweza kuwa salama na nyingine, mwendo mfupi kutoka hapo, ikawa ya hatari. Lakini jumla ya mambo ni kwamba mtu wa Makumira au Maji ya Chai anaweza kuteka kwenye ndoo yake maji ya mlimani yenye floraidi kuliko bahari yenyewe.

Tuchukue mfano. Tangi la lita 200 lenye taa kali na feni hupoteza kwa mvuke kiasi cha lita 2 kwa siku, yaani lita 60 kwa mwezi. Mvuke hauchukui chumvi. Huondoka maji peke yake, na kila kilichoyeyushwa humo hubaki, kama mchuzi ulioachwa motoni bila kifuniko. Ikiwa mwenye tangi hujazia pengo hilo kwa maji yenye floraidi miligramu 5 kwa lita, basi kwa mwezi mmoja ameingiza miligramu 300, ambazo zikigawanywa katika lita 200 ni miligramu 1.5 kwa kila lita. Na bahari yake ndogo, iliyoanza na miligramu 1.3, itakuwa imepita mara mbili ya kiasi chake cha asili kabla ya mwezi wa pili kuandama. Pamoja na floraidi huingia magadi yanayopandisha alkali bila kalsiamu ya kuifuata, na huingia silika, chakula cha mwani wa kahawia unaoufunika mchanga na vioo. Mwenye tangi huona mwani akalaumu taa, huona tumbawe likififia akalaumu chumvi, na kumbe shitaka lote ni la ndoo ya kujazia.

Chumvi na chumvi

Mtu asiyeizoea elimu hii anaweza kuuliza: ikiwa tunatafuta maji ya chumvi, na Momella iko karibu hivi, kwa nini tusichote huko? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ndilo linalofungua mlango wa jambo zima. Maji ya Momella ni ya chumvi kweli, lakini chumvi yake kubwa ni magadi, na ukali wa alkali yake huikaribia pH ya 10, ambapo kalsiamu haiwezi kukaa katika myeyuko bali hujitenga na kutuama chini. Flamingo hustawi huko kwa sababu vijimea vya kijani wanavyokula huyapenda maji hayo. Samaki wa matumbawe akitiwa humo hatamaliza siku.

Maji ya bahari yana utaratibu wake. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia ikichota maji kila ilikopita, na mkemia William Dittmar akachunguza sampuli 77 za maji hayo, kisha mwaka 1884 akatangaza jambo ambalo lilikwisha kudhaniwa lakini halijathibitishwa kwa upana huo: kwamba chumvi ya bahari huweza kuzidi au kupungua kutoka mahali hadi mahali, lakini uwiano wa vitu vikuu vinavyoiunda haubadiliki ila kidogo sana. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi, na kati ya hizo kloraidi ni gramu 19, sodiamu zaidi ya 10, salfeti karibu 3, magnesiamu 1.3, na kalsiamu na potasiamu takriban 0.4 kila moja. Huo uwiano ndio uliowawezesha wenye viwanda kutengeneza chumvi ya unga ambayo, ikichanganywa na maji safi huko Makumira, au Bujumbura, au Kampala, hurejesha bahari ile ile aliyoizoea samaki wa Mafia.

Lakini masharti ya muujiza huo ni maneno mawili tu: maji safi. Aliyetengeneza chumvi amekadiria kwamba mnunuzi ataiyeyusha katika maji yasiyo na kitu. Akiiyeyusha katika maji ya Meru, uwiano wa Dittmar umevunjika kabla ya samaki kuingia.

Kuyavua maji madini yake

Basi kazi ya kwanza ni kuyavua maji kila kilichookotwa mlimani. Njia ya uhakika ni mtambo mdogo unaoyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye matundu membamba mno, yanayopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya madini, na baada ya utando huo chombo cha chembe za resini kinachonasa mabaki. Maji yatokayo mwishoni hupimwa kwa kijiti cha umeme kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka, na mwenye hekima haridhiki mpaka kipimo kisome sifuri. Mtambo huu humwaga maji mengi kuliko unayoyasafisha; katika nyumba yenye adabu ya maji, hayo yanayomwagwa hukingwa kwa kuoshea sakafu, wala hayarudishwi jikoni, kwa maana floraidi yote iliyokataliwa na utando imo humo.

Njia ya pili ni mvua. Wakati wa masika mawingu ya Meru hutoa maji ambayo hayajagusa mwamba, na floraidi yake ni haba mno. Lakini mvua hupitia paa, na mabati huacha zinki, nayo zinki na shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe hata zikiwa chache kiasi cha kutoonekana. Kwa hiyo mvua za kwanza huachwa zioshe paa na mifereji, na maji yaliyokingwa baadaye hupitishwa katika resini kabla ya kutiwa chumvi.

Yako pia maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ambayo watu wa eneo hili wanayafahamu. Kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulika kwa miaka mingi na mbinu hii ya kuichoma mifupa ya ng'ombe katika hewa haba hadi iwe mkaa unaoishika floraidi. Kwa mnywaji ni rehema kubwa. Kwa tangi la matumbawe yafaa hadhari, maana mfupa ni kalsiamu iliyoungana na fosfeti, na fosfeti ikivuja hata kidogo hulisha mwani na kuwazuia matumbawe kujenga mifupa yao. Dawa njema ya mmoja si lazima iwe dawa ya mwingine, na ndiyo sababu maji hupimwa kwa kuitazama shughuli yatakayotumiwa.

Watumishi wasioonekana

Maji yakishakuwa safi na chumvi ikishatiwa kwa kipimo, uzito wake ukilinganishwa na maji matupu ukasoma 1.025 au 1.026, bado tangi hilo ni bahari isiyo na wakazi, na anayetia samaki siku hiyo anamtia katika hatari. Kila samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa uchafu wake. Katika maji ya bahari, yenye pH ya 8.2 hivi, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake ya sumu huzidi zaidi ya mara 10 kiasi ambacho kingekuwako katika maji yenye pH ya 7. Kwa sababu hiyo kosa ambalo samaki wa mtoni angelivumilia humwua samaki wa baharini.

Mlinzi wa samaki dhidi ya sumu hiyo ni bakteria wakaao juu ya mawe na mchanga, ambao baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache. Umati wao hukua polepole, aghalabu kwa wiki nne hadi sita, na katika muda huo tangi halitakiwi kuwa na kitu ila mawe, mchanga, maji yanayozunguka, na chembe ya chakula cha kuwalisha hao watumishi. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweza kuwaweka samaki, majani na konokono katika chombo kimoja kwa kulinganisha kazi ya kila mmoja, na miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya mji huo ikawafungulia watu nyumba ya samaki; lakini habari za bakteria hao hazikujulikana bado, na wengi walioiga walipoteza samaki wao bila kujua sababu. Sisi tunaijua sababu, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuharakisha.

Nitrati nayo, ingawa ni ya upole, hujikusanya. Hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji, kiasi cha asilimia 10 kwa wiki, kwa maji mapya yaliyochanganywa siku moja kabla, yenye joto lile lile na chumvi ile ile.

Chokaa, kalsiamu na alkali

Ikiwa tangi lina samaki peke yao, mambo hayo hutosha. Likiwa na matumbawe, mizani huongezeka uzito, kwa kuwa tumbawe hujenga nyumba yake kwa kalsiamu na kabonati za maji, na kadiri linavyostawi ndivyo linavyoyafukarisha maji yaliyolilea. Kalsiamu hutakiwa iwe baina ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkali baina ya daraja 7 na 11 za kipimo cha Kijerumani. Vitu hivi vimefungamana. Kwa kila miligramu 20 za kalsiamu zilizotumika katika lita moja, alkali hushuka daraja 2.8, kwa hiyo anayerudisha kimoja na kukisahau cha pili huongeza upungufu huku akidhani anauondoa. Magnesiamu ndiyo mwamuzi baina yao, maana ikipungua, kalsiamu na kabonati huungana zenyewe majini na kuganda kwenye pampu na hita kabla tumbawe halijapata sehemu yake.

Kitu kirudishacho vyote viwili kwa uwiano ule ule uliotumika ni chokaa. Watu wa pwani waliifahamu karne nyingi. Kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe walijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na majumba ya Lamu na Mji Mkongwe. Walichokitoa wao katika tumbawe kwa moto, mwenye tangi hukirudisha katika tumbawe kwa maji: huyeyusha chokaa safi, isiyo ile ya kupaka ukuta, kiasi cha gramu moja na nusu katika lita ya maji matupu, huyaacha yatuame, kisha hudondosha maji ya juu tone kwa tone mahali pa maji yaliyopotea kwa mvuke. Kazi hiyo hufanywa usiku, wakati pH ya tangi imeshuka kwa pumzi za viumbe, maana maji ya chokaa yana pH ipitayo 12. Yakimwagwa kwa pupa huunguza, na mkono wa mtendaji na macho yake yahitaji kinga.

Hapo ndipo mtu wa Meru hushawishika kufikiri kwamba maji yake yenye magadi yangemwondolea gharama ya alkali. Asishawishike. Alkali isiyo na kalsiamu mwenzake ni nusu ya mizani, tena iliyofungwa pamoja na floraidi.

Pumzi ya nyanda za juu

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za pwani havilitaji. Huku juu hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko pwani. Na maji ya chumvi, hata pwani, hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika tano kuliko maji matamu. Kwa hiyo tangi la Makumira litiwe samaki wachache kuliko tangi la Dar es Salaam lenye ukubwa huo huo, na uso wa maji utikiswe daima na pampu ili uvute hewa. Katika baridi ya Juni na Julai, watu wafungapo madirisha, hewa ya chumba hujaa kaboni dayoksaidi ya pumzi zetu, nayo huingia majini ikashusha pH. Mwenye tangi hukimbilia dawa, ilhali kufungua dirisha kwa saa chache kungetosha. Joto lilindwe baina ya nyuzi 24 na 27, na pampu ndogo ya betri iwe tayari kwa usiku ambao umeme utakatika.

Katika yote haya uthabiti hupita ukamilifu. Alkali ya daraja 8 isiyobadilika ni bora kuliko ya daraja 10 leo na 7 kesho. Vipimo viandikwe katika daftari kwa tarehe, na badiliko lolote lifanywe kidogo kidogo, kwa kuwa viumbe wa bahari wameumbwa katika maji yasiyojua ghafla.

Amana

Anayechukua sehemu ya bahari amechukua amana. Matumbawe hai ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania ilianzisha hifadhi yake ya kwanza ya bahari huko Mafia mwaka 1995, baada ya miaka mingi ya uvuvi wa baruti na ya kuchimba matumbawe kwa ajili ya chokaa. Asiye na kipimo, asiye na maji safi, na asiye na subira ya wiki sita, haki yake ni kuwaacha samaki walipo, na hatapoteza heshima kwa kuwaacha.

Lakini aliye navyo atajikuta amepata elimu kubwa kuliko aliyoitafuta. Amejifunza kwamba maji maangavu yanaweza kuwa na kasoro, na kwamba kasoro hiyo haiondoki kwa kuchemsha, maana kuchemsha huua vijidudu na kupunguza maji, na floraidi iliyokuwamo hubaki katika maji machache zaidi. Watoto wengi wa miteremko ya Meru wameota meno ya kahawia kwa maji waliyoyanywa utotoni, na baadhi yao mifupa yao imeathirika. Kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita katika maji ya vijijini, kwa uhaba wa maji mengine, hata mpaka huo ukashushwa hadi 4, na baadaye hadi 1.5. Wataalamu wako karibu: Ngurdoto ipo, na Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Kwa hiyo kila anayenunua vipimo kwa ajili ya samaki wake na anunue pamoja navyo kipimo cha floraidi, au apeleke chupa ya maji ya bomba lake maabara, na akipata jawabu alitangaze kwa majirani wanaoteka chanzo kile kile. Haielekei kwa insafu kwamba katika nyumba moja maji ya samaki yajulikane hadi miligramu ya mwisho, na maji ya mtoto yasijulikane kabisa.